Vijiti vya Fundi

Fundi aliiona pini kabla hajajua kwamba imemchoma. Alikuwa amemaliza kubana bega la koti, koti lenyewe limelala mapajani mwake, na alipolivuta alipeleke kwenye cherehani likagoma. Likakaza palepale karibu na zipu ya suruali yake, kama limeshikwa na mtu. Akalifunua upande, akainama kadiri mgongo wake wenye vyuma ulivyomruhusu. Pini ilikuwa imeshona bitana ya koti, suruali na yeye mwenyewe pamoja.

Hakusikia kitu. Mtu mwingine angeruka, angetukana, angemwita mama yake. Yeye alikaa akaitazama tu, na moyo ukaanza kumwenda mbio, maana alijua vizuri mno pini ile imeingia kwenye kitu gani.

Aliichomoa polepole. Ikatoka na damu kidogo kwenye ncha, kama ya mbu. Akafungua zipu, akapangusa kwa pamba yenye spiriti, akatazama. Kidoa kimoja chekundu. Akabonyeza, hakikutoka kitu. Akapangusa tena na tena mpaka pamba ikakaribia kuisha kwenye kopo. Kisha akafunga zipu haraka haraka, kwa sababu nje geti lilikuwa limelia, na mkewe hakuwa mtu wa kupiga hodi nyumbani kwake.

"Fundi, umekula?" mkewe aliuliza akiwa bado mlangoni, mkoba wa madaftari begani. Alifundisha hesabu shule ya msingi, na mtaa mzima ulimwita Mwalimu, mumewe akiwemo.

"Nimekula."

"Mbona umekauka hivyo?"

"Joto tu, Mwalimu."

Alimtazama kidogo, jicho lile la kumtazama mwanafunzi aliyenakili kwa jirani, halafu akaenda zake ndani kuvua viatu. Fundi akashusha pumzi. Akalirudisha koti kwenye cherehani.

Miaka minne nyuma alikuwa amepanda ngazi kutundika mapazia ya ukumbi aliyoyashona mwenyewe, kitambaa kizito cha kutisha, akaanguka na pazia mkononi. Mgongo ukapiga ukingo wa jukwaa. Hospitali walimwambia uti wa mgongo umeumia usawa wa kifua na kwamba asitegemee miguu tena. Sista wa wodi, mama mmoja mnene asiyecheka hovyo, alichukua kalamu ya wino akamchorea mstari kutoka kwapa hadi kwapa, chini kidogo ya chuchu. "Juu ya hapa ni kwako," alimwambia. "Chini ya hapa pia ni kwako, ila habari za huko hazitakuwa zinakufikia. Itabidi uzifuate mwenyewe."

Akazifuata. Kila asubuhi Mwalimu alimgeuza, akamkagua mgongo, makalio na visigino kama anayetafuta kosa kwenye mtihani, kwa sababu ngozi isiyosikia huoza kimyakimya. Mambo mengi ya aibu waliyazoea wote wawili hata wakawa wanayatania. Kitu kimoja tu ndicho Fundi hakukizoea, nacho ni kile alichokuwa akikiita "huko mbele". Huko mbele alisema atajiangalia mwenyewe. Alikuwa na kioo cha mkono, akakiweka kwenye droo ya nyuzi, na Mwalimu hakubishana naye.

Huko mbele ndiko kulikokuwa na vijiti.

Aliwekewa miezi mitatu iliyopita. Ni vijiti viwili laini vyenye waya ndani, vinalala ndani ya uume ubavu kwa ubavu. Ukiuinua unakaa ulivyouinua, ukiushusha unashuka, kama shingo ya ile taa iliyofungwa kwenye cherehani yake. Wanaume wengi waliovunjika mgongo huwekewa, daktari alimweleza, na sababu zao ni mbili. Ya kwanza ni mkojo. Mwanaume wa aina yake huvaa mpira unaopeleka mkojo kwenye mfuko uliofungwa mguuni, na mpira hauwezi kukaa mahali palipopungua na kurudi ndani. Mpira ulikuwa umemvuka Fundi mara nne mbele za wateja. Mara ya mwisho ilikuwa mbele ya bibi mmoja aliyekuja kupunguziwa gauni, na yule bibi kwa wema wake akajifanya hamnazo, akaanza kusifia rangi ya ukuta huku sakafu inalowa. Siku ile Fundi alitamani ardhi ipasuke.

Sababu ya pili daktari aliitaja pia, tena bila kuficha uso. Fundi ndiye aliyeuficha wake.

Nyumbani, basi, alimpa mkewe ile ya kwanza tu. "Ni kwa ajili ya mpira," alisema. "Uache kunivuka."

Mwalimu alikuwa anasahihisha. Hakuinua kichwa. "Ukakatwe na visu kwa ajili ya mpira wa mkojo?"

"Nitakojoa mbele za watu mpaka lini?"

"Na ukifa huko mezani?"

"Sifi."

"Watu waliokufa wote walisema hivyohivyo." Kisha akaiweka kalamu nyekundu chini. "Mimi sitaki. Ila mwili ni wako."

Maneno yale yalimkaa Fundi kooni kama mfupa. Mimi sitaki. Hataki nini? Hataki upasuaji, au hataki kile ambacho upasuaji ungekirudisha? Miaka minne walikuwa wamelala kitanda kimoja kama kaka na dada. Pengine alikwisha kupoa, akashukuru. Pengine kumwogesha mtu kila siku kunaua hamu ya kumtamani. Fundi hakuuliza. Alikwenda akakatwa, akarudi, na wiki sita zilipotimia daktari akamruhusu.

Walikuwa wamejaribu mara tatu. Mara zote Mwalimu alivuta mapazia kwanza, na mara zote aligeuza uso ukutani mwishoni. Fundi, ambaye kwa mambo yale alikuwa amebakiwa na macho tu na mikono, alimwona akiuma mdomo, akaona na chozi. Akajiambia: ananivumilia. Hata hivyo alifurahi, furaha yenye aibu ndani yake, na asubuhi zile alishona kama mwendawazimu, akipiga mluzi.

Sasa pini.

Kosa lilikuwa la kifundi kabisa. Aliyemfundisha kazi alikuwa akiwakataza wanagenzi kushika pini mdomoni, kwamba atakayekohoa ataimeza, akawazoesha kuzipachika kwenye suruali, juu ya paja, ziwe karibu na mkono. Miaka ishirini mkono wa Fundi ulikuwa ukienda pale wenyewe. Sista alipigana na tabia ile alipokuwa wodini. "Huna haki ya kuweka kitu chenye ncha chini ya mstari," alimwambia, akampa kifuko cha kuvaa mkononi cha kuchomekea pini. Alikivaa vizuri kweli. Ila hoteli moja ilikuwa imemletea makoti ya wahudumu, kazi ya kukabidhiwa Jumatatu, na katika haraka zile mkono ulirudi njia yake ya zamani. Zilikuwa zile pini nyembamba za kichwa kidogo, ambazo kitambaa chepesi huzimeza kichwa na vyote.

Usiku ule na siku iliyofuata alijiambia si kitu. Mbu anachoma zaidi ya hapo. Lakini maneno ya daktari yalikuwa yakimrudia, tena kwa sauti yake ileile ya upole: "Adui mkubwa wa vijiti hivi ni wadudu. Wakishaingia wakavipata, dawa haiwafikii tena. Inabidi nitoe vyote viwili. Na nikitoa, ndani panabaki kovu, pa kuweka vingine panakuwa pagumu. Kwa hiyo kioo, asubuhi na jioni. Wengine maumivu yatawaambia. Wewe hayatakuambia."

Asubuhi alishika kioo. Akakishika tu. Alijua akitazama na kuona kitu, mambo yamekwisha, na asipotazama bado hayajaisha. Akatazama kwa juu juu, pale kwenye kidoa, akaona pamekauka. Chini, kwenye mkunjo palipokuwa na kovu la upasuaji, hakugeuza kioo. Akakirudisha kwenye droo.

"Umejikagua huko?" Mwalimu aliuliza akifunga mkoba.

"Pako sawa."

Alipoondoka, Fundi alimpigia simu Kapteni. Huyu alikuwa dereva wa malori aliyelala naye wodi moja, mgongo umevunjika kama wake, na utani wake ndio uliowafanya wasiende wazimu mle ndani. Naye aliwekewa vijiti. Vikatolewa.

"Kaka, nikuulize kitu," Fundi alisema. "Vyako vilianzaje?"

"Vilianzaje kuingia au kutoka? Maana kuingia niliimba, kutoka nililia."

"Kutoka."

Kapteni akaacha kucheka. "Kuna nini?"

"Hakuna. Nauliza."

"Wewe huna tabia ya kuuliza bure. Sikiliza. Mimi niliona kidonda kidogo, ukubwa wa punje ya mchele. Nikauchuna, sikumwambia mtu, siku tisa. Siku ya tisa kijiti kilikuwa kimetoa kichwa nje kinanichungulia. Nilikuwa nimekaa kwenye kochi naangalia mpira, sina hata maumivu. Umeelewa? Kinanichungulia."

Fundi alitazama droo ya nyuzi. "Na kama ni kichomo tu? Kichomo kidogo?"

"Huko hakuna kidogo. Mwambie shemeji."

"Nitamwambia."

"Mwambie leo. Sikutanii, kaka."

Hakumwambia. Alipanga kumwambia jioni, jioni ikafika na maneno yakamganda. Angeanzia wapi? Angesema nimejichoma, naye angejibu nilikuambia. Hilo angelivumilia. Asichoweza kuvumilia ni kumwona amefarijika. Alijiona jinsi atakavyokaa akimtazama mkewe usoni wakati daktari akitamka kwamba vinatoka, akisubiri kuona kama atashusha mabega kwa nafuu. Kwa kuogopa kuyaona mabega yale, akafunga mdomo.

Siku ya tatu ilikuwa Jumamosi. Mwalimu alikuwa mezani na rundo la mitihani, Fundi kwenye cherehani, ile ya umeme aliyoifunga kibonyezo cha kiwiko badala ya kanyagio. Jua lilikuwa limepanda. Mnamo saa nne kichwa kikaanza kumgonga.

Mwanzoni kilikuwa kama mtu anayebisha mlango kwa kistaarabu. Fundi alimeza vidonge viwili vya kichwa, akaendelea na mkono wa koti. Baada ya robo saa mbishaji aliacha ustaarabu. Kila pigo la moyo lilimpiga nyuma ya macho. Uso ulimwaka, jasho likamtiririka kutoka kwenye paji mpaka kwenye kidevu na kudondokea kitambaa cha hoteli, huku mikono yake, ilipogusa tumbo chini ya mstari, ikikuta ngozi baridi yenye vipele kama ya kuku aliyenyonyolewa. Akajua. Sista alikuwa amewakaririsha wote wawili kama watoto wa darasa la kwanza: mwili wako umezibwa mdomo chini, kwa hiyo kukiwa na shida utapiga kelele juu. Kichwa kikigonga na uso ukatoa jasho, usimeze dawa ukalala. Kaa wima. Legeza nguo. Tafuta chini kuna nini, na ukitafute upesi, maana presha ikipanda hivyo inaweza kupasua mshipa wa kichwa ukafa hapo hapo ulipokaa.

Ukafa hapo hapo ulipokaa. Fundi alilishika koti kwa mikono miwili. Mbele ya macho yake vikaanza kuruka vimulimuli, na cherehani ikawa mbili.

"Mwalimu," aliita. Sauti ilitoka ndogo, ya mtu mwingine.

Mwalimu aligeuka, na kalamu ikamtoka mkononi. Hakupiga kelele. Alikuja mbio, akampandisha wima kwenye kiti chake cha magurudumu, akafungua vifungo vya shati, akalegeza mkanda. "Tangu saa ngapi?"

"Sasa hivi."

"Muongo. Shati limelowa lote." Tayari alikuwa amepiga magoti. Alivuta mrija wa mkojo kuona kama umejikunja, haukujikunja. Mfuko ulikuwa nusu, mkojo unaingia vizuri. Akamvua viatu, akapitisha vidole kati ya vidole vyake vya miguu, kwenye visigino, kwenye soksi. Akaingiza mkono chini ya makalio kutafuta kitufe, mkasi, mkunjo wa shuka, chochote. Choo alikuwa amekwenda asubuhi, hakikuwa hicho. Alifanya yote kwa mpangilio na haraka, huku midomo yake ikihesabu bila sauti, na mikono yake ilikuwa ya baridi kuliko miguu anayoishika.

"Hamna," alisema. "Hamna kitu. Imebaki huko."

"Huko pako sawa."

"Nifungue."

"Nimesema pako sawa! Nimejikagua asubuhi."

"Fundi, macho yako yamekuwa mekundu kama damu. Toa mkono."

Alikuwa amebana zipu kwa viganja vyote viwili. Hakujua ni lini aliviweka pale. Mwalimu alivishika, akavivuta, na Fundi, mikono yake ya kusukuma kiti miaka minne ikiwa na nguvu za kubeba gunia, akamshinda. Walivutana mchana kweupe mbele ya cherehani kama watoto wanaogombania mpira. Kichwani mtu alikuwa anapasua kuni.

Mwalimu akaacha kuvuta. Alikaa chini sakafuni pale pale, akimtazama kutoka chini, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya ajali Fundi alimwona ameogopa waziwazi, kidevu kinacheza.

"Unataka kufa," alisema. "Unataka kufa mbele yangu kwa sababu hutaki nikuone. Mimi nimekutawaza miaka minne. Sema basi nikukose kwa sababu gani, nijue nitakachowaambia watu."

"Pini," Fundi alisema. Alikuwa analia, au lilikuwa jasho, hakujua. "Nilijichoma pini. Juzi. Niliitoa, Mwalimu, wallahi niliitoa."

"Ziko ngapi?"

"Moja."

"Ulizihesabu?"

Nani anahesabu pini?

Akaondoa mikono.

Mwalimu alifungua zipu, akavua ule mpira wa mkojo taratibu, akainuka akavuta mapazia yote mawili yafunguke, mwanga wa saa nne ukamwagika chumbani mpaka kwenye mapaja ya Fundi. Hakuwa amewahi kukaa hivi mbele yake, kwenye jua. Alifumba macho. Aliusikia mshipa wa shingoni ukimpiga, akamsikia mkewe akipumua kwa pua, na karibu na mlango redio ya jirani ikitangaza matokeo ya mpira, watu wakishangilia. Aliwaza kwamba hivi ndivyo atakavyokufa, suruali imefunguliwa, jirani wanashangilia goli.

"Iko hapa," Mwalimu alisema.

"Wapi?"

"Chini. Kwenye mkunjo, pembeni ya kovu. Naona kichwa chake tu. Imeingia yote."

"Itoe."

"Nikivuta vibaya?"

"Itoe, mke wangu."

Alichukua kibanio cha kutolea nyuzi kwenye meza ya Fundi, akakimwagia spiriti, akashika. Fundi hakusikia kitu chochote chini, ila juu, kichwani, alisikia. Ilikuwa kama mtu amefungua bomba. Mapigo yakaanza kulegea, moja baada ya jingine, cherehani zikarudi kuwa moja, hewa ikaingia kifuani. Alifumbua macho acheke, aseme kitu cha kipuuzi. Akamwona Mwalimu bado ameinama, na uso wake haukuwa uso wa mtu aliyemaliza.

"Kuna nini?"

Alikuwa ameshika pamba, na pamba ilikuwa na kitu cha njano.

"Kuna usaha," alisema. "Sitakuficha. Mwingi."

Hospitali waliwapokea upesi. Sista alimpima presha mara tatu, mara zote ikawa nzuri, akamtazama Fundi kwa namna iliyosema atamshughulikia siku nyingine. Daktari alikuja na glovu, akavuta pazia la kitanda. Kwa mazoea akamwambia Mwalimu asubiri nje.

"Abaki," Fundi alisema.

Daktari alitazama, akabonyeza, akaomba taa isogezwe. Alichukua muda. Fundi hakumtazama daktari wala taa. Alikuwa amekaza macho kwenye mabega ya mkewe, yaliyokuwa yamepanda karibu na masikio, na hofu aliyokuwa nayo pale ilikuwa kubwa kuliko ile ya asubuhi. Ya asubuhi ilikuwa hofu ya kufa tu.

"Wadudu wamefika kwenye kijiti cha kushoto," daktari alisema hatimaye, akivua glovu. "Pini imekipitia. Siku tatu ni nyingi. Ningeweza kuosha na kubahatisha, lakini kwa mtu asiyesikia maumivu siwezi kucheza hiyo kamari. Lazima nivitoe vyote viwili, leo hii. Pole sana."

Fundi alitikisa kichwa kukubali, kwa sababu shingo ilikuwa bado ni yake na ilijua kufanya hivyo. Mabega ya Mwalimu hayakushuka.

"Utapona," daktari aliendelea, akiandika. "Na msiwe na wasiwasi wa baadaye. Kwa upande wa mkojo hakuna haja ya kuhangaika na vijiti vingine. Tutakuwekea mrija tumboni, unaingia moja kwa moja kwenye kibofu. Wengi wanautumia, hauvuki, hauna usumbufu. Hilo tatizo lililowaleta mwanzo litakuwa limekwisha kabisa."

"Vingine vinaweza kuwekwa lini?" Mwalimu aliuliza.

Daktari aliinua macho. "Vijiti? Kwanza tuone kovu. Si chini ya miezi sita, na sitawadanganya, mara ya pili ni ngumu, hatari inaongezeka. Ndiyo maana nasema, kwa mrija wa tumboni mama, mkojo hautawasumbua tena."

Mwalimu alimtazama. Masikio yake yalikuwa yamewiva, na Sista alikuwa amesimama pale pale na trei ya sindano, anasikiliza kila neno, lakini mkono wake ulikuwa umeshapita juu ya kitanda, ukatua kifuani kwa mumewe, juu ya mstari, mahali ambapo angeusikia.

"Daktari," alisema, "mimi siulizi habari za mkojo."